QuantLib: maktaba inayokuonyesha kosa la bei, si bei peke yake

Mtu anayetaka bei ya opsheni moja ya kawaida ya Kiulaya, yaani haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa siku ya ukomo tu, hana haja ya maktaba nzima ya programu. Fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973 inamtosha, na hesabu yenyewe haizidi mistari michache. Ugumu huanza pale mwenye opsheni anaporuhusiwa kuitekeleza siku yoyote kabla ya ukomo wake, au pale mkataba unapokufa bei ya hisa ikigusa kiwango fulani njiani. Mikataba mingi ya aina hiyo haina fomula iliyo tayari, hivyo bei hupatikana kwa makadirio, na kila mbinu ya kukadiria huja na kosa lake. QuantLib, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa, ni maktaba huria ya C++ iliyoanzishwa mwaka 2000, na inapatikana pia kwa watumiaji wa Python, Java, C# na R. Nimeitumia kwa miaka kadhaa kukagua bei zilizotoka kwenye mifumo mingine. Kinachonifanya niendelee nayo ni kwamba inaniruhusu kukokotoa mkataba uleule kwa mbinu nne au tano bila kugusa maelezo ya mkataba wenyewe, kisha nikaona mbinu hizo zinaachana wapi na kwa kiasi gani.

Nilijifunza umuhimu wa jambo hilo kwa gharama. Kabla ya kuizoea QuantLib nilikuwa nalipia kikokotoo kimoja cha mtandaoni, ambacho sitakitaja, na siku moja nilikipa opsheni ya kuuza ya Kimarekani, yaani inayoweza kutekelezwa siku yoyote kabla ya ukomo: hisa kwa 100, bei ya mkataba (ile iliyokubaliwa ya kuuzia) 100, riba asilimia 5 kwa mwaka ikilimbikizwa mfululizo, mtikisiko wa bei (kiasi bei ya hisa inavyoyumba) asilimia 20, muda wa mwaka mmoja, bila gawio. Kikanijibu 5.57. Namba hiyo ni sahihi kabisa kwa opsheni ya Kiulaya, lakini opsheni niliyoiuliza ina thamani ya takribani 6.09. Ile 0.52 iliyopotea ndiyo bei ya haki ya kutekeleza mapema, haki ambayo mnunuzi anailipia na muuzaji anaibeba. Kikokotoo kilikuwa kimepokea neno "Kimarekani" na kulipuuza. Hakikueleza kimetumia mbinu gani wala hatua ngapi, na nisingegundua kama nisingekuwa na jibu la pili la kulinganisha nalo.

Muundo wa QuantLib unalifanya jibu hilo la pili kuwa kazi ya mstari mmoja. Mkataba huelezwa peke yake: ni wa kununua au wa kuuza, bei yake, siku zinazoruhusiwa kuutekeleza. Mwenendo wa hisa huelezwa peke yake, yaani bei ya sasa, riba, gawio na mtikisiko. Kisha mkataba hupewa injini, na injini ndiyo mbinu ya hesabu: fomula, mti, gridi au Monte Carlo. Ukitaka kubadilisha mbinu unabadilisha injini tu. Zaidi ya hapo, bei ya hisa na riba vinaweza kuwekwa ndani ya vishikizi ambavyo, ukivibadilisha, mkataba hujua kwamba jibu lake limepitwa na wakati na hukokotoa upya pale tu unapoliuliza. Mwanzoni utaratibu huu huonekana mzito kuliko inavyostahili, kwa sababu opsheni moja ndogo hudai mistari 15 au 20 ya maandalizi. Baada ya kuandika mkataba wa kumi, uzito huo hugeuka kuwa nafuu.

Mti ndio mahali pazuri pa kuanzia, na nashauri kila anayeianza maktaba hii ahesabu mti mdogo kwa kalamu kwanza. Mbinu waliyoieleza Cox, Ross na Rubinstein mwaka 1979 hugawanya muda katika hatua, na katika kila hatua bei ya hisa hupanda kwa kiasi kimoja au hushuka kwa kiasi kimoja. Chukua opsheni ya kununua yenye takwimu zilezile za hapo juu, ambayo kwa fomula ina thamani ya 10.4506. Kwa hatua moja tu, hisa hufika 122.14 au 81.87. Uwezekano wa kupanda, ule unaotumika kukokotoa bei na wala si kutabiri soko, ni 0.5775. Malipo ni 22.14 au sifuri, na wastani wake ukirudishwa kwenye thamani ya leo ni 12.16. Kwa hatua mbili jibu ni 9.54. Kwa tatu ni 11.04, na kwa nne ni 9.97. Namba hazikaribii ukweli kwa kuteremka taratibu, bali huruka juu yake na chini yake kwa zamu. Sababu iko wazi ukiuchora mti wenyewe: hatua zikiwa shufwa, tawi moja la mwisho huangukia kwenye bei ya mkataba hasa na halilipi chochote, lakini zikiwa witiri, bei ya mkataba hukaa katikati ya matawi mawili.

Msukosuko huo hauishi haraka. Hata kwa hatua 100 mti wa namna hii bado unapungukiwa kwa takribani 0.02, na mtu aliyeongeza hatua kutoka 100 hadi 101 akaona bei imeruka juu ya jibu sahihi anaweza kudhani soko limebadilika. Wastani wa majibu mawili yanayofuatana husaidia sana (ule wa hatua tatu na nne ni 10.51, karibu zaidi na ukweli kuliko lolote kati ya hayo mawili), lakini dawa bora imo ndani ya maktaba yenyewe. QuantLib ina aina kadhaa za miti, na ule wa Leisen na Reimer wa mwaka 1996 umepangwa ili bei ya mkataba isitangetange kati ya matawi. Kwa opsheni ya Kiulaya, ukizidisha hatua zake mara mbili, kosa hupungua takribani mara nne. Mti huo unadai idadi witiri ya hatua, na maktaba hujiongezea hatua moja ukiipa namba shufwa. Huwa nausifu pia uaminifu wa QuantLib pale hesabu isipowezekana: ukiupa mti wa Cox, Ross na Rubinstein riba ya asilimia 5, mtikisiko wa asilimia 2 tu na hatua chache mno, uwezekano wa kupanda huzidi moja na ule wa kushuka huwa chini ya sifuri, na badala ya kukupa bei isiyo na maana, injini husimama na kusema kuna uwezekano hasi.

Kuna jambo moja la QuantLib ambalo kila mtumiaji mpya anapaswa kuambiwa siku ya kwanza, nami sikuambiwa. Maktaba hutunza tarehe ya tathmini ya programu nzima, na usipoiweka mwenyewe, inachukua tarehe ya leo. Jioni moja niliandika kwenye daftari jibu la fomula, 10.451, nikalala. Asubuhi nilifungua upya programu na kukokotoa mkataba uleule kwa mti wa hatua 1000, nikapata 10.431. Nikaulaumu mti. Nikaongeza hatua hadi 5000, na pengo likabaki takribani 0.018. Hapo ndipo nilipotulia na kufikiri, kwa sababu kosa linalotokana na hatua lazima lisinyae hatua zikiongezeka, na pengo hili lilikuwa limegoma. Opsheni ya namna hii hupoteza takribani 0.0176 kwa kila siku inayopita, na pengo langu lilikuwa usiku mmoja. Mti haukuwa na tatizo lolote. Tangu siku hiyo mstari wa kwanza wa kila programu yangu ni ule unaoweka tarehe ya tathmini. Ukubwa wa pengo hilo unafundisha jambo jingine pia: siku moja ya kalenda ilikuwa na uzito karibu sawa na kosa lote la mti wa hatua 100, hivyo mwaka wenye siku 366 unaohesabiwa kwa kipimo cha siku 365 unaweza kukuharibia jibu kama vile mbinu dhaifu inavyoliharibu.

Kwa opsheni za Kimarekani mimi hutegemea zaidi gridi. Hapa badala ya matawi una meza: upande mmoja bei za hisa, upande mwingine muda, na unaanza siku ya ukomo ambapo malipo yanajulikana, ukirudi nyuma safu kwa safu kwa kuutatua mlinganyo wa Black na Scholes kwa makadirio. Brennan na Schwartz waliitumia njia hii kwa opsheni ya kuuza ya Kimarekani tangu mwaka 1977. Katika kila safu unalinganisha thamani ya kungoja na thamani ya kutekeleza sasa, na kuchukua iliyo kubwa. Ugumu uko katika namna ya kurudi nyuma. Njia rahisi, inayokokotoa kila safu moja kwa moja kutoka safu iliyokwisha kujulikana, hulipuka hatua za muda zikiwa ndefu. Kwa gridi ya bei kutoka 0 hadi 300 yenye vipande vya 1, na mtikisiko wa asilimia 20, mwaka mmoja unahitaji takribani hatua 3600 ili hesabu isiharibike, na ukitaka vipande vyenye nusu ya ukubwa huo, hatua zinakuwa mara nne. Njia ya John Crank na Phyllis Nicolson ya mwaka 1947 haina sharti hilo, na injini ya gridi ya QuantLib, kwa kanuni yake ya kawaida, katika mwelekeo mmoja (yaani hisa ikiwa moja) ni sawa na hiyo. Ukiunda injini bila kutaja chochote unapata gridi ya 100 kwa 100.

Hata hivyo, njia ya Crank na Nicolson ina tabia yake. Haitupi kosa nje mara moja. Pale malipo yanapokuwa na kona au kuruka ghafla, kama katika opsheni inayolipa kiasi kimoja maalumu au sifuri, kosa dogo linaweza kubaki likitikisika karibu na bei ya mkataba. Bei yenyewe huonekana nzuri, lakini gama, ambayo ni kasi ya mabadiliko ya delta (kiasi bei ya opsheni inavyosogea hisa ikisogea), huchorwa kama meno ya msumeno. Tiba aliyoieleza Rannacher mwaka 1984 ni kuanza na hatua chache za njia nzito zaidi inayozima mitikisiko. QuantLib inayo tiba hiyo kama kigezo cha injini, lakini thamani yake ya kawaida ni sifuri. Naamini ilipaswa kuwa angalau mbili kwa malipo yanayoruka, na namshauri kila mtumiaji aichore gama kabla ya kuiamini, kwani jicho hugundua meno hayo mara moja ilhali jedwali la namba huyaficha.

Opsheni za Kimarekani zina pia injini za makadirio ya haraka, mojawapo ikiwa ile ya Barone-Adesi na Whaley ya mwaka 1987, inayofaa pale unapohitaji maelfu ya bei kwa muda mfupi na unaweza kuvumilia kosa dogo usiloweza kulipunguza. Matoleo ya karibuni yana kitu bora zaidi: injini inayofuata mbinu ya Andersen, Lake na Offengenden, inayoutafuta moja kwa moja mpaka wa kutekeleza, yaani ile bei ya hisa ambayo chini yake mwenye opsheni ya kuuza hana sababu ya kuendelea kungoja. Injini hiyo hutoa desimali nyingi sahihi kwa muda mfupi sana, nami sasa naitumia kama rula ya kupimia nyingine zote.

Monte Carlo, ambayo Phelim Boyle aliileta kwenye opsheni mwaka 1977, ndiyo mbinu inayopendwa na wengi kwa sababu inaeleweka haraka: zalisha njia nyingi za nasibu, kokotoa malipo ya kila njia, chukua wastani. Ubora wake ni kwamba inakubali karibu mkataba wowote, hata wenye hisa nyingi kwa pamoja, mahali ambapo gridi hushindwa kwa kuwa meza yake hujaa kupita uwezo wa kompyuta. Gharama yake ni mwendo wa polepole usiokwepeka. Kwa opsheni yetu ya kununua, malipo yaliyorudishwa kwenye thamani ya leo yana mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa takribani 14.7, kwa hiyo njia 10,000 hukuachia kosa sanifu, yaani kiasi cha kawaida cha kukosea kwa wastani huo, la 0.147, na ili ulifikishe 0.0147 unahitaji njia milioni moja. Kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya njia, na hakuna kasi ya mashine inayoibadilisha kanuni hiyo. QuantLib hukupa kosa sanifu pamoja na bei, jambo ambalo ningependa kila mfumo ulifanye. Ukichagua mfuatano wa Sobol (namba zilizopangwa zienee sawasawa) badala ya nambari nasibu za kawaida, mara nyingi bei hutulia mapema zaidi, lakini kadirio la kosa halitolewi tena, kwa sababu njia hizo zimepangwa na hazijitegemei kama sampuli za kawaida. Hilo ni sahihi kihisabati, ila linamtaka mtumiaji ajitafutie njia nyingine ya kupima uhakika wake.

Kwa haki ya kutekeleza mapema, injini ya Monte Carlo hutumia mbinu ya Longstaff na Schwartz ya mwaka 2001, inayokadiria thamani ya kungoja kwa kulinganisha njia zenyewe kwa zenyewe. Maamuzi yanayopatikana hivyo hayawezi kuzidi maamuzi bora, hivyo bei huelekea kuwa chini kidogo ya ukweli. Nikiona Monte Carlo ikinipa bei ya Kimarekani iliyo juu wazi kuliko ile ya gridi, huwa natafuta kosa langu kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.

Opsheni zenye kizuizi zinastahili onyo. Njia ya Monte Carlo huiona hisa kwa vituo tu, na kati ya kituo na kituo hisa inaweza kuwa imegusa kizuizi na kurudi bila kuonekana, hivyo opsheni inayokufa ikigusa kizuizi hupewa uhai isiostahili na bei kubwa kupita kiasi. Injini ya vizuizi ya QuantLib ina marekebisho yanayokokotoa uwezekano wa mguso huo uliofichika, na unaweza kuyazima. Lakini soma mkataba kwanza. Kama mkataba wenyewe unasema kizuizi kitaangaliwa mara moja kwa siku, marekebisho hayo yatakupotosha. Broadie, Glasserman na Kou walionyesha mwaka 1997 kwamba tofauti hiyo inaweza kukadiriwa kwa kukisogeza kizuizi: kwa mtikisiko wa asilimia 20 na siku 252 za soko kwa mwaka, kizuizi cha juu cha 120 kinachoangaliwa kila siku hufanya kazi kama kizuizi cha takribani 120.88 kinachoangaliwa muda wote.

Upungufu mkubwa wa QuantLib uko kwenye maelezo yake. Kurasa rasmi zinazozalishwa kutoka kwenye msimbo hukutajia majina na vigezo, lakini hazikwambii kwa nini uchague injini hii na si ile, na ujumbe wa makosa mara nyingi humfaa aliyeijenga maktaba kuliko anayeitumia: kuambiwa kwamba kishikizi kitupu hakiwezi kufunguliwa hakukuonyeshi ni kipi kati ya vishikizi vyako sita. Mwalimu wa kweli ni mkusanyiko wa majaribio unaokuja na msimbo, ambamo karibu kila injini hupimwa kwa namba zilizochapishwa. Kwa Python usakinishaji ni amri moja na huchukua muda mfupi. Kuijenga kwa C++ hudai Boost, maktaba nyingine ya C++, na subira, ingawa anayehitaji kila kitu hana budi, kwa kuwa si kila kilichomo kwenye C++ kimefikishwa upande wa Python. Leseni yake inaruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo.

Jambo la mwisho ni delta na wenzake, kwa sababu ndizo zinazotumika kujikinga na hasara. Fomula hutoa zote. Miti na gridi hutoa delta, gama na theta (badiliko la bei kwa kupita kwa muda), lakini si vega (badiliko la bei mtikisiko ukibadilika). Monte Carlo ya opsheni ya kawaida haitoi hata delta, na ukiiuliza hukataa. Hapo unalazimika kukokotoa bei mara mbili, ukiusogeza mtikisiko au bei ya hisa kidogo, na kuchukua tofauti. Fanya hivyo kwa mbegu ileile ya nambari nasibu (namba inayoanzisha mfuatano wake) katika mizunguko yote miwili. Ukiacha mbegu ibadilike, kwa njia 10,000 na msogeo wa mtikisiko wa asilimia 1, mabadiliko halisi ya bei ni takribani 0.375, ilhali kelele ya tofauti ya majibu mawili yasiyohusiana ni takribani 0.21, na vega utakayoipata kesho haitafanana na ya leo ingawa soko halijasogea.